Mkono Kwanza, Maneno Baadaye

Nyumbani kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yao, na jina likamganda hadi alipoota mvi. Alikuwa na kazi ambayo hakuna ndugu aliyeweza kuieleza vizuri mbele ya wageni. Marehemu mama yao akiulizwa, "Huyu wako wa mwisho anafanya nini huko chuo kikuu?" hujibu kwa madaha, "Anahesabu vichwa vya watu," na mgeni hukubali akidhani ni mambo ya sensa. Kaka yake, fundi cherehani aliyependa mizaha kuliko chakula, alikuwa na jibu lake. "Dada yangu anaupigia ugonjwa hesabu," alisema. "Ukimwona anakuja, unabadili njia."

Laiti ingekuwa hivyo. Kitinda alikuwa mwanahisabati, na kazi yake ilikuwa kueleza kwa hesabu jinsi uvimbe wa saratani unavyosambaa ndani ya ubongo. Kuna aina ya uvimbe ambao haukai kama kokwa ndani ya tunda, ukaushika na kuung'oa. Huo hutuma seli zake mojamoja pembeni, zikapenya kwenye nyama nzima, na mashine ya kupiga picha haizioni mpaka zijazane. Daktari hukata anachokiona. Asichokiona ndicho kinachorudi.

Mlinganyo wa Kitinda ulitegemea mambo mawili: seli zinazaliana kwa kasi gani, na zinatembea kwa kasi gani. Halafu kulikuwa na njia zenyewe. Ubongo una nyuzi nyeupe, mafungu kwa mafungu, zinazounganisha sehemu na sehemu, na seli mbaya hupenda kufuata nyuzi hizo kama tone la wino linavyokimbia na uzi wa kitambaa. Ukijua nyuzi zimelala vipi, kompyuta inaweza kukuchorea ugonjwa utakuwa umefika wapi baada ya mwezi, au miezi sita. Picha za wagonjwa alipewa na daktari wa upasuaji wa hospitali kuu, bila majina, bila umri. Alikuwa ameshaona mamia ya vichwa na hajui hata kimoja kilipenda kucheka nini.

Kisha ugonjwa ukapiga hodi kwao.

Fundi alikuwa kwenye kibanda chake cha ushonaji, anakata suruali ya mteja, mkewe kando yake anapachika vifungo. Mkono wa kulia ukaanza kurukaruka na mkasi ndani yake, ukakipasua kitambaa kuanzia pindo hadi kiunoni. Fundi akacheka. "Tazama huyu," akamwambia mkewe, "leo ameamua kukata mtindo wake mwenyewe." Hakumaliza kucheka. Alianguka kati ya cherehani na kioo, mwili mzima ukitetemeka.

Daktari yule yule ndiye aliyempokea. Alimpigia simu Kitinda, akamketisha mbele ya skrini. Kitinda hakuhitaji kuambiwa. Doa lilikuwa upande wa kushoto, mbele kidogo ya mahali panapotawala mkono wa kulia, na kingo zake zilikuwa na ule ukungu alioujua kuliko mstari wa kiganja chake. Safari hii alijua kichwa ni cha nani.

Wakampasua, wakaondoa kilichoweza kuondolewa. Fundi alipozinduka na kupata nguvu, aliomba kioo, akautazama mshono kichwani kwa muda mrefu.

"Huyu daktari," akasema, "angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha aanze upya."

Wote wakacheka, daktari mwenyewe akiwamo. Lakini wifi yake Kitinda alicheka huku amegeukia dirishani.

Alipokuwa amesharudi nyumbani, akiwa anaendelea na dawa na mionzi, Fundi alimwita dada yake wakakaa wawili kwenye kibanda. Cherehani zilikuwa zimefunikwa shuka.

"Kitinda, zile hesabu zako zinafaa kwa kichwa cha mtu mmoja?"

"Zimetengenezwa kwa vichwa vingi, Kaka."

"Mimi ninacho kimoja tu."

"Kaka, usiniombe hilo."

"Sikuulizi nitakufa lini. Hilo lina mwenyewe, na wewe siye. Nakuuliza kitakachotangulia kuondoka. Mkono, au ulimi? Nataka nijipange. Mtu akijua umeme utakatika, hupiga pasi mapema."

Kitinda alikataa siku hiyo, akakataa na mara nyingine. Akaenda kumwuliza daktari. Daktari alivua miwani, akaifuta na koti lake.

"Mimi nisingefanya," akasema. "Si kwamba hesabu zako ni mbaya. Ila ukishamwambia mtu, ataanza kuishi kwa hilo ulilomwambia."

Kitinda alisikia, na bado akafanya. Tuseme ukweli, hakufanya kwa ajili ya kaka yake tu. Naye alitaka kujua. Aliingiza picha katika mashine yake, kwenye chumba chake cha ghorofani kinachotazamana na maegesho ya magari, akakaa akiangalia doa jekundu likikua kwenye skrini wiki baada ya wiki za kubuni. Lilipanda juu, taratibu, kuelekea kwenye mkono. Mahali pa maneno, chini yake kidogo, palibaki peupe. Akabadilisha kasi, akajaribu tena. Mkono kwanza. Akaongeza, akapunguza, akapiga upya. Mkono kwanza. Alijikuta anashukuru, kana kwamba amepewa zawadi. Maneno ya kaka yake yangebaki. Watu wa mtaa mzima walikuja kibandani kwake na nguo zisizo na kasoro, ili tu wamsikie akizungumza.

"Mkono kwanza," alimwambia. "Maneno baadaye, tena baadaye sana. Inawezekana, Kaka. Nasema inawezekana."

Lakini neno "inawezekana" ni jepesi, halifiki mbali. Fundi alisikia yale mengine.

Hapa ndipo inabidi kumtaja Pini. Pini alikuwa binti yake mkubwa, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kuwa alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota pini kwa sumaku. Alimpenda dereva wa malori. Fundi akasema hamwozi mwanawe kwa mtu wa njiani, na Pini akasema basi ataolewa bila yeye. Fundi, aliyewashonea mabibi harusi wa nusu ya mji, hakumshonea bintiye hata shela, wala hakwenda. Tangu hapo hawakusemezana. Mama mtu alizungumza na bintiye kwa simu, chumbani, sauti chini. Fundi alijua, akajifanya hajui, na kila mara akapata sababu ya kuuliza, "Watu wa huko wazima?" bila kusema watu gani wala huko wapi.

Sasa Fundi alifunua cherehani. Alitoa kitambaa cheupe alichokuwa amekihifadhi juu ya kabati miaka yote hiyo, na mkewe alipokiona alikaa chini.

"Ni gauni la Pini," Fundi alisema. "Nilipaswa kulishona wakati ule. Nikimaliza, nitampigia simu mwenyewe, nimwambie njoo uchukue nguo yako, na yote ninayodaiwa kuyasema nitayasema akiwa amelivaa."

"Mpigie leo, baba Pini," mkewe akasema. "Gauni litamkuta. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Nimpigie nimwambie nini, nina mikono mitupu? Nimesema mkono kwanza. Maneno yapo."

Wifi akamgeukia Kitinda, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe unasemaje? Wewe ndiye mwenye hesabu."

Kitinda alimtazama kaka yake. Alikuwa ameshika chaki ya fundi kwa furaha ya mtoto, na tangu augue hajawahi kuonekana mzima namna ile.

"Kuna muda, wifi," akasema. "Mwache ashone."

Fundi akashona. Vipimo vya binti yake alikuwa navyo kichwani, hakuvihitaji kwenye karatasi. Alikata bila haraka, akaacha akiba nene ya kitambaa kwenye mishono kama ilivyo desturi yake, maana alisema mwanamke ni mwezi, hupungua na kujaa. Alipochoka alilala juu ya marobota. Alipoamka aliendelea. Kitinda alipita kila jioni akitoka kazini, na kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa ule mkono wa kulia, kama unatetemeka, kama vidole vinaangusha sindano. Mkono ulikuwa imara. Hakuutazama mdomo.

Jioni moja Fundi alinyoosha mkono akasema, "Nipe kikombe."

Mkewe akampa kikombe.

"Siyo. Kikombe. Kile... cha kukatia."

Wakacheka. Fundi naye alicheka, akauchukua mkasi mwenyewe. Lakini safari hii Kitinda aliutazama mdomo. Asubuhi yake akamwomba daktari picha mpya.

Uvimbe haukuwa umepanda. Chini ya lile doa kulikuwa kunapita fungu nene la nyuzi, linalojikunja kutoka mbele kwenda nyuma na kuunganisha mahali pa kusemea na mahali pa kuelewa. Katika picha za kwanza maji ya uvimbe yalikuwa yameliziba, na pale ambapo picha haikuona, programu ya Kitinda ilichukua wastani, kana kwamba nyuzi hazina upande. Seli zilikuwa zimeikuta barabara wazi, zikashuka nayo.

"Mkono?" Kitinda aliuliza, ingawa alikuwa anaona kwa macho yake.

"Mkono hauna kitu," daktari akasema. "Pole sana, mwenzangu."

Maneno yalimhama Fundi haraka kuliko yeyote alivyodhani. Yalitangulia majina ya vitu, kisha majina ya watu, kisha yale maneno madogo ya kuunganishia. Alijua anachotaka kusema. Ungeona kinavyomjaa machoni. Alipofungua kinywa kilitoka kitu kingine, na alipokisikia alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Mwishoni akabaki na neno moja tu ambalo ulimi uliling'ang'ania. Neno lenyewe lilikuwa "bado".

Ukimwuliza kama ana kiu, "Bado." Ukimwambia pole, "Bado." Mkewe akimfunika shuka, aliushika mkono wake akasema, "Bado, bado," kwa sauti ya mtu anayeshukuru.

Mkewe ndiye aliyempigia Pini. Hakumweleza mengi, aliogopa akieleza atalia, na akilia mtoto atafikiri baba ameshakwisha. "Baba yako anaumwa. Njoo," basi. Na Pini akaja siku iyo hiyo, kwenye lori la mumewe, mapema kuliko alivyotarajiwa. Mama mtu alikuwa amekwenda kununua dawa. Chumbani alikuwapo Kitinda peke yake, anakusanya vyombo baada ya kumlisha kaka yake.

Pini alisimama mlangoni. Hakuwa mwembamba tena. Alikuwa na mimba kubwa, na mkono mmoja ameuweka juu yake.

"Shikamoo, Baba."

Fundi aliinuka kitandani. Uso wake wote ulifunguka. Midomo ikahangaika, ikatafuta.

"Bado," akasema.

Hata marahaba hakuitikiwa. Pini alirudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa.

"Baba, ni mimi, nimekuja. Bado umenikasirikia?"

"Bado," Fundi akasema. Alijisikia alivyojibu. Akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakamwagika, na kadiri alivyotaka kulirudisha lile neno ndivyo lilivyozidi kumtoka. "Bado! Bado, bado, bado!"

Pini akageuka akatoka. Kitinda aliacha sahani zianguke, akamfuata, akamshika kwenye ukumbi.

"Pini. Mwanangu, nisikilize. Hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo. Ugonjwa umekula mengine yote. Hasemi anachokisema."

"Nimemsikia, shangazi. Nimemwuliza, amejibu."

"Rudi umwulize kitu kingine. Chochote."

Alirudi kwa kuvutwa mkono. Akasimama mbele ya baba yake, akafuta pua.

"Baba, umekula?"

"Bado," Fundi akasema, na uji ulikuwa haujakauka kwenye kidevu chake.

"Baba, mimi ni nani wako?"

"Bado."

Hapo Pini akaelewa. Alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake, na Fundi akampapasa nywele. Ila kuelewa ni kitu kimoja, na kilichoingia masikioni ni kingine.

Kisha Fundi akamwonyesha kabati. Gauni lilikuwa limekamilika, limetundikwa ndani ya mfuko. Pini alilijaribu juu ya nguo zake, likakataa kupita kifuani, sembuse tumboni. Fundi alitazama tumbo lile, akatazama gauni, na kwa mara ya kwanza tangu maneno yamwishe alionekana mtu mwenye kazi. Kwa kidole akaomba futi ya kupimia. Akampima binti yake mabega, kifua, tumbo, polepole. Alipofika tumboni mtoto alimpiga teke, naye akaiachia futi ikaanguka, akabaki ameshika hapo hapo na kiganja kizima.

Alifumua ubavu wote wa gauni, akatoa akiba ya mishono, akaunga kitambaa pale ambapo akiba haikutosha. Pini alikaa naye kutwa nzima, anatunga uzi kwenye sindano, anaokota pini. Mkono ambao hesabu zilisema ungekuwa umekufa ulishona mshono mdogo, sawasawa, bila kukosea. Hawakuzungumza. Pini alijaribu mwanzoni, kisha akaacha, kwa sababu kila alichosema kilijibiwa kwa neno lile.

Siku alipolivaa, mama yake alishika mdomo. "Haya! Bibi harusi na tumbo mbele kama ngoma!" akasema, na akapasuka kicheko. Pini akacheka, Kitinda akacheka. Fundi alicheka kuliko wote, kile kicheko chake cha zamani cha kibandani, kizima, bila hitilafu. Kicheko hakikai mahali pamoja na maneno. Hilo Kitinda alilijua vitabuni; siku hiyo alilisikia.

Fundi alifariki kabla mjukuu hajazaliwa, alasiri moja, mkewe akiwa anamkata kucha. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea siku chache tu kabla.

Baada ya maziko, watu walipokuwa wanatawanyika, wifi alimpita Kitinda uani akiwa amebeba vikombe. Alisimama.

"Ulisema kuna muda," akasema. Hakupandisha sauti. Akaingia jikoni, na tangu hapo hakumsemesha.

Kitinda alirudi kazini. Alirekebisha programu yake ili mahali pasipoonekana pahesabiwe kuwa hapajulikani, isipachukulie wastani. Mabadiliko yenyewe yalikuwa machache, mistari michache tu ya maandishi. Lakini faili la kaka yake hakulifungua. Daktari mwenyewe ndiye aliyeandika ripoti ya ugonjwa ule. Mgonjwa mwingine alipouliza swali kama lile la Fundi, Kitinda alimwomba daktari amjibu kwamba hawajui, na alipokata simu hakuwa na hakika kama huo ulikuwa ukweli au woga.

Mchana mmoja mlango wa chumba chake ukagongwa. Ni Pini, anahema kwa ngazi, tumbo limeshuka. Siku zake zilikuwa zimekaribia.

"Shangazi, nimekuja unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mwanangu?"

"Kichwa cha Baba."

Kitinda alitaka kukataa. Kisha akamvutia kiti, akafungua faili. Akamwonyesha doa la mwanzo, akamwonyesha njia aliyokuwa ameitabiri, na njia ambayo ugonjwa uliifuata kweli. Alisema bila kujificha, "Hapa ndipo nilipokosea." Pini alisikiliza akiwa ameinamia skrini.

"Na hapa ndipo maneno yake yalipokuwa?"

"Hapo."

Pini aligusa hapo kwa kidole. "Shangazi, ile sehemu ya kusamehe iko wapi?"

Kitinda alitafuta jibu kama alivyokuwa akimwona kaka yake akitafuta maneno. "Hatujui, mwanangu," akasema mwishowe. "Hakuna aliyeichora. Nikikwambia nimeiona, nitakuwa nakudanganya, nami nimeshawaambia mengi nisiyoyajua."

Pini akaitikia kwa kichwa. "Kuna siku naamka najua kabisa. Namwona anafumua ule ubavu, nasema, huyu alishanisamehe kabla sijafika. Halafu kuna siku nalisikia tu lile neno. Nimemwuliza, na amenijibu." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Ndivyo itakavyokuwa, nadhani."

Walikaa wakiitazama picha mpaka mashine ikajizima yenyewe ili kuokoa umeme, na hakuna aliyegusa kitufe. Mwishowe Pini akaegemea meza, akajiinua.

"Twende nyumbani."

"Mama yako amesema nije?"

"Mama hajasema. Mimi ndiye ninayesema. Siku nikishikwa na uchungu nitawahitaji wote wawili, na sitaki mtu na wifi yake wanuniane juu ya kichwa changu."

Kitinda akachukua mkoba wake, akafunga dirisha. Kwenye ngazi alimshika Pini kiwiko, wakashuka taratibu, wakipumzika kila baada ya hatua chache, hadi kwenye maegesho yaliyojaa jua.